Makufuli Mawili Yasiyo na Ufunguo

Makufuli hayo hayakuletwa nyumbani kwa ajili yangu. Yaliletwa kwa ajili ya mtihani wa hesabu wa darasa la sita.

Mami ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Embu mjini. Muhula huo walimu wenzake walimpa kazi ya kutunga na kuchapa mtihani ambao shule kadhaa zingeufanya pamoja, na mwalimu mkuu wake akamwambia karatasi zikae mahali panapofungwa. Nyumbani kwetu, mtaa wa Majimbo, mahali panapofungwa ni choo peke yake, na hata hicho komeo lake tunalishikilia kwa kamba.

Kwenye kona ya sebule tuna meza ambayo Mami huiita ofisi. "Niko ofisini, nisisumbuliwe," husema, na kutoka hapo anaweza kunyoosha mkono azime redio. Meza hiyo ilitengenezwa Kianjokoma na fundi aliye jirani ya babu yangu mzaa mama, kutoka kwa mti wa mukima uliokuwa mpakani mwa shamba. Mti ulipoangushwa babu alisema mbao zisipasuliwe nyembamba kama za watu wa mjini. Hazikupasuliwa nyembamba. Wanaume wanne waliiingiza meza ndani wakigombana, na ukutani kuna alama mpaka leo. Upande wa kulia ina droo mbili nzito, ya juu na ya chini. Mwalimu wetu wa Kiswahili angetaka niandike watoto wa meza, lakini sijawahi kusikia mtu kwetu akiziita hivyo.

Daftari langu lilikaa kwenye droo ya chini, chini ya rejista za miaka iliyopita. Sikuwa na mahali pengine. Chumba ninacholala hulala wageni pia, na kila Jumamosi Mami hutoa magodoro nje na kuyapiga fimbo kana kwamba yamemkosea. Juu ya kabati ni pa masufuria makubwa. Nilifikiri kwamba hakuna mtu anayeweza kutafuta vitu vyangu katikati ya vitu vyake mwenyewe.

Huwa ninaandika kwa Kiswahili. Baba ni Mmeru, anafanya kazi Isiolo na huja mwisho wa mwezi. Mami ni Mwembu. Wakibishana kila mmoja hubisha kwa lugha yake, na wanaelewana vizuri sana, ila kila mmoja husema mwenzake anaharibu maneno. Kiswahili si cha mtu yeyote pale ndani. Nilidhani nikiandika kwa lugha ambayo haina mwenyewe nyumbani, hakuna atakayeona kama inamhusu. Nilisahau kwamba Mami ni mwalimu. Akiona daftari lenye mwandiko wa mtoto, mkono hutafuta kalamu nyekundu wenyewe.

Nilijua amelisoma siku ya Alhamisi, mbele ya akina mama wanane.

Alhamisi jioni ushirika wa akina mama wa mtaa huzunguka nyumba hadi nyumba, na wiki hiyo ulikuwa kwetu. Mimi nilikuwa nimetoka shule ya bweni Meru kwa likizo, kidato cha pili, na kazi yangu ilikuwa kupitisha chai na nduma bila kuangalia mtu machoni, kazi ambayo ninaiweza. Walikuwa wamefika kwenye mahitaji ya maombi. Mmoja aliombewa mguu. Mwingine aliombewa ng'ombe. Kisha Mami akasimama.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Mimi naomba mnikumbukie huyu binti yangu. Ana roho ya woga. Kule shuleni akisimamishwa mbele ya darasa asimulie ngano, sauti haitoki, anatetemeka mpaka magoti, wenzake wanacheka. Na sasa amewaza moyoni mwake aache bweni, arudi hapa asome shule ya kutwa."

Nilikuwa nimesimama na chupa ya chai. Hakuna mtu duniani niliyekuwa nimemwambia maneno hayo. Yalikuwa yangu, kwa mpangilio huohuo, hata hayo magoti.

Mwenyekiti wa ushirika ni mama mwenye duka la vitambaa, anaishi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Sauti yake inaweza kusikika mpaka stendi. "Mleteni hapa katikati," akasema, na nikaletwa. Mikono ikanifikia kichwani, mabegani, mgongoni, mingine ikinuka vitunguu. "Roho ya woga, toka!" Mikono ikinisukuma mimi narudi nyuma, na wao wanadhani ni roho inasukumwa. Hakuna aliyefikiria kunipokea chupa ya chai. Chai ilivuja kifunikoni ikinichoma tumboni dakika zote hizo, na nililia, wakasema asante Yesu, anavunjika.

Kuanzia siku hiyo sikuweza kutoka nje kununua hata chumvi. Mama wa mboga aliniuliza akinifungia sukuma: "Na ile kitu, imetoka?" Nikasema imetoka. Yule wa mandazi akanishika kidevu: "Wewe sema tu, mama, ongea! Mdomo ni wa bure!" Walisema kwa upendo, ninajua, na hilo ndilo lililonikera zaidi, kwa sababu huwezi kumkasirikia mtu anayekupa mandazi ya nyongeza.

Nilifungua daftari nikaangalia. Mahali nilipokuwa nimeandika "nilitetemekea" palikuwa pamezungushwa duara jekundu, duara dogo, safi. Sidhani hata alijua amelichora.

Nilifanya ninavyofanya siku zote, nikaosha vyombo kwa nguvu.

Wiki iliyofuata ndipo Mami alipokuja na pakiti kutoka mjini. Ndani mlikuwa na makufuli mawili meusi, kila moja dogo kama kiberiti, yenye vitufe vya namba usoni na mahali pa betri mgongoni. Hayakuwa na tundu la ufunguo. Mami aliyatandaza mezani kama mtu aliyeleta vifaranga.

"Unaweka namba zako nne, unabonyeza, inafunguka. Hakuna ufunguo wa kupoteza." Funguo zote alizowahi kupewa, wa stoo ya shule, wa kanisa, wa kabati la maabara, amezipoteza angalau mara moja. "Hii moja ni ya droo ya juu, ya mtihani. Na hii nyingine tutaweka kwa kabati ya vikombe vya wageni."

Mimi huanza kutetemeka hata kabla ya kusema jambo la maana nyumbani, si shuleni tu, na hilo sikuwa nimeliandika.

"Mami, hiyo nyingine... naweza kuomba iwekwe droo ya chini?"

"Droo ya chini kuna nini? Rejista za zamani. Nani ataiba rejista?"

Akaniangalia, na nikaona amejua, kwa sababu alianza kusoma maandishi ya pakiti ambayo alikuwa ameshayasoma.

"We msichana, katika nyumba hii una nini cha kuficha?"

"Hakuna."

"Basi?"

"Ninaitaka tu."

Aliiweka pakiti chini. "Haya. Fundi wa hapa mjini ataniambia kuja kesho mpaka mtihani ufanywe. Wewe ndiye unajua kusoma haya makaratasi. Ukiniwekea hii ya juu ikafunga sawasawa, hiyo nyingine ni yako. Isipofunga, vikombe."

Kwa hivyo nilikuwa na kitu cha kupigania. Niliazima drili kwa jirani anayetengeneza madirisha, nikaitoa droo ya juu, nikailaza kwenye zulia na kusoma karatasi ya maelekezo mara tatu. Picha zilikuwa rahisi. Toboa tundu, ingiza shingo ya kufuli kutoka mbele, itokeze nyuma, kaza nati, weka ulimi. Mtu wa kwenye picha alikuwa anatabasamu.

Kutoboa mukima uliokauka miaka kumi si jambo la kutabasamu. Drili ililia, ikatoa moshi, ikasimama. Nilipumzika, nikaanza tena. Vumbi liliingia kwenye nywele na kwenye sufuria ya maharagwe. Nilipomaliza tundu nikaingiza kufuli, likakaa vizuri mbele, maridadi. Nikageuza droo kuangalia nyuma.

Nyuma hakukuwa na kitu. Shingo ya kufuli ilikuwa imeishia ndani ya mbao. Niliingiza kidole kwenye tundu, nikaigusa huko ndani kama jino lisilotaka kuota.

"Hujasukuma vizuri," Mami alisema kutoka jikoni.

"Nimesukuma."

Akaja, akavua ndara, akaligonga kufuli kwa ndara. Halikusogea. Nilichukua rula. Karatasi ilisema mbao isizidi sentimita mbili na nusu. Yetu ilikuwa nne na kitu. Watu waliotengeneza kufuli hilo, popote walipo, hawakuwahi kufikiria kwamba kuna familia inaweza kupasua mbao unene huo kwa ajili ya kufunika karatasi, lakini babu yangu alifikiria hivyo, na kila mgeni akija tunamwambia agonge meza kwa mkono asikie ilivyo nzito. Nimeigongesha mimi mwenyewe kwa wageni wengi. Siku hiyo niliipiga teke, na nikaumia mimi.

"Basi ni vikombe," Mami akasema. Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililonifanya nitamani kupiga kelele.

"Kesho nitaenda Kianjokoma," nikasema. Nadhani tulishangaa wote wawili.

Nilifika kwa fundi na droo imefungwa kwa leso mgongoni, wanawake wawili njiani wakiniambia pole na mtoto. Fundi alikuwa ameketi kwenye rundo la mbao akinoa randa. Ni mzee mfupi tunayemwita Guka, yaani babu, hasira karibu, na anakumbuka kila kitu alichowahi kutengeneza.

"Hii ni droo yangu," alisema kabla hata sijamsalimia vizuri. Halafu akaliona tundu. "Nani ametoboa?"

"Ni mimi, Guka."

"Umetoboa mbao yangu." Akapitisha kidole. "Imenyooka lakini. Nani alikushikia?"

"Hakuna."

"Hmm." Nilimpa kufuli. Aliligeuza, akabonyeza kitufe, likalia pii, akalirudisha kwenye kiganja changu haraka kama limemng'ata. "Ufunguo uko wapi?"

"Haina, Guka. Ni namba tu."

"Na betri ikiisha?"

"Unabadilisha."

"Na ukisahau namba?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Ufunguo ukipotea nakuja na bisibisi. Namba ikipotea nitakuja na nini, na daktari?" Kisha akaona uso wangu, akaacha. "Shida ni nini?"

"Mbao ni nene sana."

Hapo ndipo nilipomkosea. "Mbao yangu haina shida!" alisema, na mtu aliyekuwa akipita barabarani akageuka. "Kufuli ndiyo fupi! Mnaleta vitu vya kubandikwa kwa maboksi, mnasema mbao ni nene! Nikikupa mbao nyembamba utarudi hapa mwakani unaniambia imepinda. Nene!"

Nilitaka kuondoka. Kawaida ningeondoka. Lakini nilifikiria vikombe, nikabaki nimesimama nikiangalia vidole vya miguu yangu, na kwa kuwa sikuondoka, hasira yake ilikosa mtu wa kumfukuza, ikaisha. Alichukua penseli sikioni, akachora mraba nyuma ya droo kuzunguka tundu.

"Hatupunguzi mbao," alisema. "Tunaichimbia kufuli nyumba. Mbele inabaki nene vilevile. Hakuna atakayejua isipokuwa wewe na mimi."

Akachimba kwa patasi na nyundo ya mbao, vipande vidogo vyembamba, hatua kwa hatua, mpaka shingo ya kufuli ilipotokeza upande wa pili. Katikati ya kazi alinipa patasi. Mkono wangu ulitetemeka, lakini patasi haijali mkono ukitetemeka mradi unagonga palepale. "Usigonge kama unamwogopa," alisema. Sikujua kama ni mbao anaiongelea. Aliniazima patasi niende nayo kwa ajili ya droo ya chini, na akaniambia nikiivunja ncha nisimletee stori.

Jioni ile droo ya juu ilifunga. Mami aliivuta mara saba, akafurahi kama mtoto. "Sasa namba." Nikambonyezea kitufe cha nyuma, taa ya kijani ikawaka, nikageuza uso pembeni kwa heshima. Sikuhitaji kujisumbua. "Nitaweka mwaka niliookoka," alitangaza. "Huo siwezi kusahau."

Hapa ni lazima niseme ukweli. Nilijua palepale kwamba ni kosa. Kila Alhamisi kila mama akisimama husema jina lake na mwaka aliompokea Bwana, na Mami amesema mwaka wake mara nyingi hata mimi nikilala huweza kuusema. Lakini alikuwa amefurahi, na mimi huona shida kumsahihisha mtu mzima. Nikamwacha abonyeze. Hilo lilikuwa kosa langu.

Droo ya chini ilinichukua siku mbili. Nilichimba nikakosea, nikachimba tena, kufuli likakaa limeinama kidogo upande wa kushoto kama mtu anayesikiliza. Lakini lilifunga. Niliweka namba ambayo sitaiandika hapa wala popote. Kisha nikaweka daftari ndani, nikasukuma droo, nikasikia ulimi ukiingia tki. Nilikaa sakafuni hapo muda mrefu nikiwa sifanyi chochote. Siku hiyo niliandika kurasa sita.

Alhamisi ikaja, na kwa kuwa mwenye nyumba ya zamu alikuwa na mgonjwa, ushirika ukarudi kwetu. Mami alikuwa jikoni anachuja chai. Mimi nilikuwa kwenye kizingiti na sahani ya nduma. Mwenyekiti akauliza daftari la mahudhurio liko wapi, na Mami akajibu liko ofisini, droo ya juu, ngoja nakuja.

"Aa, Mwalimu, usiache chai. Hii kitu inafunguliwaje?" Mwenyekiti alikuwa tayari ameinama mbele ya meza. "Namba nne. Mwalimu ataweka nini..." Akabonyeza namba moja moja, akitaja kwa sauti yake ile, mwaka wote mzima.

Pii. Droo ikafunguka.

Walicheka wote. Mmoja alipiga makofi. "Mwalimu! Siri yako tunaishuhudia kila Alhamisi!"

"Hata mwizi akiwa ameokoka ataingia!"

"Si tungoje basi aweke mwaka wa ubatizo!"

Mami alitokea na kichujio mkononi, chai ikidondoka sakafuni. Alicheka pia, kwa sababu wote walikuwa wanacheka. Lakini mimi niliona macho yake. Kwenye droo iliyo wazi, juu kabisa, zilikuwa karatasi za mtihani, na katika wale akina mama wanane watatu wana watoto darasa la sita. Mwenyekiti mwenyewe ana mapacha. Alichukua daftari la mahudhurio, akaifunga droo vizuri kwa kiganja, na sidhani alisoma chochote. Lakini muda wote wa ushirika Mami alikaa amekazia macho droo ile, na zamu yake ya kushuhudia ilipofika alisema jina lake, akaruka mwaka.

Asubuhi yake nilimkuta amepiga magoti mbele ya meza, karatasi zote za mtihani zimekumbatiwa kifuani.

"Nimefikiria," alisema. "Hii ya juu wataijua tu. Nikibadilisha nitasahau. Mtihani nitauweka kwa hii yako. Nipe namba."

Niliona wazi jinsi itakavyokuwa. Leo namba, kesho droo, na Alhamisi ijayo ni magoti yangu tena katikati ya sebule.

"Nitakufungulia," nikasema.

"Sijasema unifungulie. Nimesema namba."

"Nitakufungulia wakati wowote unaotaka, Mami. Hata mara kumi kwa siku."

"Kwa hivyo mimi niombe ruhusa kufungua meza yangu? Iliyotoka kwa mti wa baba yangu?"

"Ulisema ni yangu."

"Nilisema kufuli! Sikusema meza!"

Nilishika kiti. Nilitaka kusema maneno mengi niliyokuwa nimeyaandika vizuri, yenye aya na kila kitu, lakini yaliyotoka yalikuwa machache na yamevunjikavunjika.

"Ulisoma. Halafu ukawaambia. Wote. Mama wa mboga ananiuliza."

"Nilikuombea!"

"Hukuniuliza."

"Nikuulize?" Aliziweka karatasi chini. "Nimekuuliza kila siku tangu ushuke na sanduku lako hapa. Shule ikoje? Sawa tu. Walimu? Sawa tu. Umekula? Sawa tu. Mpaka nikiuliza kama unaumwa unasema sawa tu! Nitajuaje mimi? Uliandika kwamba najua kinachomwogopesha kila mtoto katika darasa langu, wote hamsini, isipokuwa wangu. Uliandika hivyo. Unafikiri nilisoma hiyo nikaenda kulala?"

Nilikuwa nimesahau kwamba niliandika sentensi hiyo. Niliiandika kwa hasira, nikageuza ukurasa. Yeye alikuwa anaijua yote kwa kichwa.

"Lakini pia," nikasema, nikasikia sauti yangu ikiwa juu kuliko nilivyokusudia, "ukaisahihisha. Kwa nyekundu."

"Nilisahihisha wapi?"

"Nilitetemekea."

Akafunika uso kwa mikono miwili, na mabega yakaanza kutikisika, na nilidhani analia, kumbe ni nusu kucheka. "Mungu wangu," alisema ndani ya viganja. "Mungu wangu, hata sikumbuki."

Mimi sikucheka. Nilikuwa bado nimekasirika na nilitaka kubaki hivyo kidogo.

Aliinuka akaketi kwenye kiti cha ofisi, akaniashiria stuli ambayo wanafunzi wake wa masomo ya ziada hukalia. "Haya. Sisomi kitu. Nakuuliza. Shuleni kuna nini?"

"Sa..." nikaanza, na tukaangaliana.

Kisha nikamwambia. Haikuwa kama kwenye daftari. Nilirudia maneno, nikaruka mambo. Nilimwambia kwamba si kusimama kunakonitisha, ni ile sekunde kabla ya kusema wakati kila mtu amenyamaza kwa ajili yangu. Kwamba mara moja nikitoka mjini na wenzangu nilipita soko la Gakoromone kule Meru bila kununua ndizi niliyokuwa nimeitamani wiki nzima, kwa sababu muuzaji hakunisikia akaniuliza mara ya pili ninataka nini. Kwamba sitaki kuacha shule, nilitaka tu kuandika kwamba ninataka. Katikati Mami alivuta pumzi na kuinamisha kichwa, na nikajua anataka kusema tuombe. Nikanyamaza. Aliinua kichwa. "Endelea," alisema.

Nilipomaliza alisema, "Nitapigia mwalimu wako wa darasa."

"Mami, usimwambie mtu."

"Hata mwalimu?"

"Hata mwalimu."

"Na baba yako?"

"Mami!"

"Nauliza tu! Si umesema niulize?" Alikusanya karatasi za mtihani, akazinyoosha kingo kwa kuzigonga mezani. Nilijua anapigana na nafsi yake, na sikujua nani atashinda, na mpaka leo sina hakika kama hakumwambia Baba. "Haya. Sisemi."

Halafu alipiga magoti tena mbele ya droo ya chini, karatasi mkononi, akangoja. Nilisogea. Nilipofikia vitufe aligeuza uso akaangalia dirishani, kwenye nguo zilizoanikwa nje, na aliendelea kuziangalia hata baada ya kusikia pii, mpaka nilipomwambia sasa unaweza kugeuka.